Shahidi Huru wa Wodi Namba Tatu

Ijulikane kwa wote wenye damu ya kutolewa na mkojo wa kupimwa, ya kwamba maadili ya utafiti wa tiba yamepata mlinzi. Anavaa buti za mpira na anaitwa Shahidi.

Aliajiriwa kudeki wodi namba tatu. Kazi ya pili ilimpata kwa kosa la kujua kuandika jina lake. Kanuni zinasema mgonjwa asiyejua kusoma akitakiwa kwenye utafiti, asomewe fomu mbele ya shahidi huru, mtu asiye na chake humo, asikilize mwanzo hadi mwisho. Ndipo mgonjwa abonyeze kidole gumba na shahidi atie sahihi. Nani huru kuliko mwenye ndoo? Basi kwa miaka sita daktari mtafiti alichungulia koridoni, akaita "Shahidi," naye akajifuta mikono kwenye aproni, akasaini chini ya maneno "nimesikia yote yakisomwa". Alichokuwa amesikia ni maji ya bomba. Wagonjwa mia mbili na ushee walipita hivyo, ridhaa zao zikinukia sabuni.

Jumanne moja aliitwa, akamkuta kitini shangazi yake, aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya presha. Kidole kilikuwa kimeshapakwa wino.

"Shangazi, umekubali nini?"

"Sijui, mwanangu. Huyu kijana ana adabu, kanipa kiti."

Daktari akasukuma kalamu. "Hapo chini tu, kama siku zote."

"Nisomee kwanza."

"Fomu hii wewe si unaijua kuliko mimi?"

"Naijua chini. Juu sijawahi kufika."

Daktari akatazama saa, akasoma, kama mtu anayejisomea hukumu yake. Ukurasa wa saba ukasema mshiriki ataacha dawa zake za presha wiki mbili, kisha nusu ya washiriki watapewa dawa mpya, na nusu vidonge vya unga mtupu.

"Na mimi nitapewa vidonge vipi?" shangazi akauliza.

"Hata mimi siruhusiwi kujua, mama. Ndiyo sayansi yenyewe."

"Mwaka jana vidonge viliniishia siku nne tu, nikaanguka bafuni, mdomo ukaenda upande."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulinipa kiti." Akatafuta pa kujifutia wino, akaona koti jeupe lililokuwa karibu, nalo lilikuwa na daktari ndani. "Humo kwenye makaratasi yako, mtu anaruhusiwa kukataa?"

"Ukurasa wa tisa," daktari akasema kwa shida.

"Basi nimefika wa tisa."

Akachukua vidonge vyake dirishani, akaenda zake.

Habari ikafika kwenye kamati ya maadili, ambayo hukutana kila baada ya miezi mitatu kuhakikisha chai haijapoa. Wajumbe walifurahi kupita kiasi. Mwenyekiti akatengeneza cheti chenye muhuri wa dhahabu, akahutubia dakika arobaini kuhusu utu, hiari na uhuru wa mgonjwa kuamua, akizikwepa zile sahihi mia mbili kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Kisha akamgeukia mwenye cheti.

"Mama, tuambie. Baada ya miaka yote hiyo, ni nini hasa kilichoiamsha dhamiri yako siku ile?"

Shahidi akakikunja cheti mara nne, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Wale wengine hawakuwa shangazi yangu."