Chombo Kilichoteka Bafu

Mwanahistoria ambaye jirani zake walimwita Nahodha hakuwahi kupanda hata mashua. Maji yakitikisika ndani ya ndoo tu, kichwa kilimzunguka. Lakini ole wako umuulize jinsi wafanyabiashara wa zama za kati walivyosafirisha nguo na vyungu ng'ambo ya bahari. Hakuachii mpaka chai ipoe na ujute kuwa na mdomo.

Alishikilia kwamba mabaharia wale walivuka bahari kwa vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba. Profesa, aliyekuwa mkuu wake zamani na mwandishi wa kitabu kizito kuhusu misumari ya meli, alimcheka hadharani. Vya kushonwa, alisema, ni vya kuchezea ufukweni. Ukivipakia mzigo vinazama. Sasa makumbusho yalikuwa yanafungua chumba kipya, na katikati ya chumba kulikuwa na nafasi moja tu. Ama chombo cha kushonwa cha Nahodha, ama cha misumari cha Profesa. Nahodha aliitaka nafasi hiyo mpaka ikamkosesha usingizi, na hakuona haya kusema.

Akashona chombo chake mwenyewe, kifupi kidogo kuliko bafu la nyumbani, akakilaza humo kilowe. Mbao kavu huvuja. Zikinywa maji huvimba, mishono ikabana. Wiki nzima mumewe, mwalimu wa hesabu, alioga kwa kopo nyuma ya nyumba, kajizungushia shuka kama mtu aliyeibiwa.

"Mke wangu, hicho kidude kinaoga kuliko mimi."

"Vumilia, baba watoto. Kesho kinapimwa, yaishe."

Wema ukamponza mume. Asubuhi yake alikitoa, akakifuta vizuri na kukianika juani.

"Nimekukaushia," alisema kwa fahari. "Utaendaje mbele za watu na kitu kinachuruzika?"

Nahodha alitaka kulia, kisha akataka kumnyonga, kisha gari la makumbusho likapiga honi mlangoni.

Walikuta tangi la maji limeandaliwa ukumbini. Profesa alileta mzigo mwenyewe: kile kitabu chake. Mkuu wa makumbusho, mama mmoja asiyependa porojo, akatoa sharti. Kuchota maji ruhusa, kama mabaharia wote, lakini ili kipewe nafasi, mwisho wa kikao chombo kiwe kinaelea na mzigo wake bila kuchotwa maji.

Kilipoteremshwa tu na kitabu juu yake, maji yakaanza kupenya kila mshono. Nahodha alichota kwa kikombe huku jasho likimtoka. Profesa akainuka, uso umemjaa furaha.

"Wakati tunasubiri kizame, niseme maneno mawili."

Wote waliomfahamu walishusha pumzi, kwa kuwa maneno mawili ya Profesa yalikuwa yamewahi kuwakosesha watu chakula cha mchana. Nahodha peke yake aliinua kichwa. Kilichompungukia kilikuwa muda, na huyu hapa mtu wa kuugawa bure.

Profesa alipomaliza misumari ya chuma na kuelekea kuketi, Nahodha alisema kwa adabu, "Samahani, Profesa. Na ile ya shaba je? Utuache gizani?"

"Swali zuri sana," alisema Profesa, akarudi mbele.

Baada ya shaba, Nahodha akataka kujua kuhusu vichwa vya misumari. Baada ya vichwa, kutu. Mkono wake ulichota, ukachota polepole, hatimaye ukaweka kikombe chini. Mbao zilikuwa zimeshiba.

"Naam," alihitimisha Profesa, "na sasa tutazame mabaki."

Chombo kilikuwa kinaelea, kikavu ndani kiasi cha haja, na kitabu kimekaa juu yake kama sultani. Kitabu kilikuwa kimelowa upande wa chini tu. Mkuu wa makumbusho alikitazama chombo, akamtazama Profesa.

"Mdomo uliponza kichwa," alisema, akatia sahihi chombo cha Nahodha kipewe nafasi.

Nahodha alirudi nyumbani akicheka peke yake garini. Mumewe alikuwa mlangoni, taulo begani.

"Nimesikia umeshinda. Kwa hiyo bafu limerudi?"

"Baba watoto," alisema Nahodha, akimpita na chombo mikononi, "chumba kinafunguliwa mwezi ujao, na wanataka kielee siku hiyo mbele ya wageni. Mpaka hapo kisikauke."

Mwalimu wa hesabu alihesabu siku kimoyomoyo, akaenda kutafuta kopo lake.