Tisini na Moja na Mama Mkwe

Akina mama wa kanisa letu walipoamua kushiriki defile, maandamano ya Siku ya Wanawake ya Machi nane, waliniita niwapange mistari kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu. Walikuwa tisini na mmoja, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mama mkwe hamsogelei mkwewe wala hamtazami usoni. Kwa hiyo pale uwanjani Lumumba alisubiri mbali, kitambaa kakivuta hadi kwenye nyusi, wenzake wapangwe kwanza ndipo aje kutafuta nafasi. Nikawapanga wawili wawili: akabaki yeye. Watatu watatu: yeye. Wanne wanne walibaki watatu, naye akiwemo. Watano watano: yeye tena. Nilipofika sita sita na kumwona bado kasimama peke yake, jasho lilinitoka. Akina mama walishaanza kunitazama kama mtu anayelipiza kisasi cha mahari.

Na mimi nilimwonea huruma kweli. Kule kwao Iga Barrière hakukosa defile hata mwaka mmoja, na hii ingekuwa ya kwanza tangu wakimbie vita na kuja kupanga nyumba mtaa wa Shari. Kikwembe chake, kitenge cha sare, kilishashonwa.

Ilibidi nijitetee. Kiswahili cha vitabu huziita namba zisizogawanyika namba tasa, lakini kutamka "tasa" mbele ya akina mama wote wale, na mama mkwe akisikia, ni kujitafutia balaa. Nikakimbilia Kifaransa cha shuleni. Nikasema tisini na moja ni nombre premier, haigawanyiki kwa chochote, basi lazima mmoja abaki.

Rais wa kikundi alikwisha kuanza kumtafutia kiti cha watazamaji. Hapo mama mkwe, ambaye miaka yote ya ndoa yangu sijamsikia akivuka salamu, akasema huku uso kaugeuzia ukuta wa uwanja:

"Mukwe wangu amesema iko premier. Premier, wa kwanza, anatembeaka mbele."

Rais akaacha kutafuta kiti. Akapewa bendera ya kikundi.

Siku yenyewe nilisimama kando ya boulevard, barabara kuu ya mji, na mke wangu, ambaye hakuandamana kwa sababu ya kichanga mgongoni. Wenzake mama mkwe walipita sita sita, safu kumi na tano zilizonyooka, na yeye mbele peke yake, bendera juu. Mke wangu akaninong'oneza:

"Saba mara treize inafanya ngapi?"

Nilihesabu moyoni saba mara kumi na tatu, kisha nikarudia nikiomba nimekosea. Tisini na moja kamili. Mwalimu mzima nilikuwa nimechoka kwenye sita, kumbe saba saba asingebaki mtu.

"Nilijua tangu juzi," akasema. "Unyamaze. Angalia vile mama iko anatembea."

Nikaangalia. Alipotufikia aligeuza kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akatabasamu. Nikajifanya natafuta leso ya mtoto.

Sasa kuna akina mama wapya wanaotaka kujiunga. Mama mkwe, kupitia mke wangu, ameniletea ujumbe kwamba asiongezwe mtu, wataharibu hesabu ya mkwewe. Nami nimemjibu, kupitia mke wangu, kwamba asiwe na wasiwasi, tisini na moja haigawanyiki.