Kodi ya Uwanja wa Watu Wanne

Mwaka 1995, wakimbizi walipojaa Ngara na mashirika yakawa yanatafuta vyumba kila kona, Speciose alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa Kanazi. Aliungana na majirani watatu, wakajenga mjini nyumba nne za kupangisha, zilizoshikana chini ya paa moja. Kila mtu alikuwa na nyumba yake, ila uwanja wa mbele na tangi la maji vilikuwa vya wote. Uwanja wenyewe waliuchonga kutoka kwenye mteremko wa kilima, miezi mitano ya sururu na majembe.

Mwaka 2007 wakimbizi wakawa wanarudi kwao, na wapangaji wakahama. Shibuda, mwenye malori kule Rusumo, akautaka uwanja tu, aegeshe magari. Wakauza milioni nane, wakagawana sawa. Aliyetia sahihi kwa niaba ya wenzake ni Speciose.

Mwezi uliofuata akaitwa ofisi ya kodi.

"Shikamoo, mama," afisa kijana akasema, akamsogezea karatasi. Kodi ya faida: laki nane. Jina: Speciose peke yake.

"Marahaba. Hii silipi."

"Mama, sheria inasema asilimia kumi ya faida."

"Hapa umepiga kumi ya bei. Kilima kile kilijichimba chenyewe? Na hela tulichukua wanne, mbona jina ni langu tu?"

"Risiti za ujenzi unazo?"

Hakuwa nazo.

"Basi lipa, halafu uwadai wenzako."

"Silipi," akarudia, akakunja karatasi na kuondoka nayo.

Ansbert, mmoja wa wale watatu, akamfuata nyumbani. "Dada, lipa yaishe. Tutakurudishia."

"Lini?"

"Unataka kugombana na serikali?"

"Kodi yangu nitalipa. Ya kwako sibebi."

Akapanda basi kwenda Biharamulo, likisindikizwa na askari wenye bunduki kama mabasi yote ya miaka ile kwa sababu ya majambazi. Huko alikuwa anaishi Ildefonce, fundi aliyesimamia uchimbaji wa uwanja. Mzee akapekua sanduku la nguo mpaka akatoa mkataba wenye mhuri wa kijiji: kuchimba uwanja na kujenga ukuta wake, milioni nne.

Afisa aliusoma mara mbili, akaingia kwa mkubwa wake, akakaa huko mpaka Speciose akaanza kusinzia kwenye benchi. Alirudi na karatasi nne. Faida milioni nne, kodi laki nne, kila jina laki moja.

Speciose akalipa ya kwake palepale na kudai risiti.

Ansbert fedha zake alishazimalizia kwenye bati. "Umetuchoma!" akamfokea nje ya kanisa, watu wakisikia.

"Nimesema ukweli kuhusu uwanja wetu," Speciose akajibu bila kushusha sauti. "Ulitaka niseme uwongo ili wewe uezeke?"

Kwaresima nzima Ansbert hakumsalimia. Iliuma, kwa maana walichimba pamoja. Lakini Speciose hakwenda kuomba radhi.