Muramura Ukutani Majengo

Wivine Kanyere huota mimea. Si mzaha: mwili umelala Majengo, hapa Goma, lakini yeye usiku kucha anatembea kwenye vilima vya Butembo alikozaliwa, umande ukimlowesha miguu. Asubuhi huchukua rangi zake akauchora ukutani mmea aliouota, na chini yake akaandika jina la mmea huo kwa Kinande. Ndivyo musavu ulivyochanua maua ya manjano kwenye kichochoro cha mawe meusi, na watoto wa shule wakawa wanalisoma jina kwa sauti wakipita.

Ukuta huo ulipita mbele ya viwanja vya majirani wawili, Papa Edmond na Mama Séraphine. Tangu lava ya volkano ifunike viwanja vyao na kumeza alama zote, waligombea mpaka hadi salamu zikakatika. Watu wazima na mvi zao! Kumruhusu Wivine achore ndilo jambo pekee walilokubaliana, tena kila mmoja kwa wakati wake.

Siku moja akachora muramura, majani marefu yanayong'aa, katikati kabisa ya ukuta. Maskini, hakufikiri. Watu wa milimani huupanda mmea huo mpakani.

Papa Edmond alitoka na ndoo ya chokaa. "Nani alikutuma kupanda mupaka mu parseli yangu, mu kiwanja yangu? Nafuta yote!"

"Usifute," akadakia Mama Séraphine. "Mupaka iko pale pale."

Brashi ilikuwa imeshachovywa. Wivine akajitupa mbele ya ukuta, viganja vyake kijani.

"Papa, haiko mupaka. Iko kaburi ya mama yangu."

Akawaeleza. Mama yake alizikwa Butembo vita vikiwa vimefunga barabara, naye Wivine akausikia kwa simu udongo ukimwagwa. Kaka yake alipanda muramura kichwani pa kaburi. Kaburi hilo hajaliona ila ndotoni, na kilio, yaani matanga, hakukaa, kwani angekaa na nani? Iliuma, naye hakuficha.

"Inaniuma sana, papa."

Papa Edmond aliweka ndoo chini, akaingia ndani. Wivine alidhani amefuata brashi kubwa zaidi. Akarudi na benchi. Mama Séraphine naye akaleta mkeka, akautandika kando ya benchi lile, akajifunga kitenge kiunoni. Wote wawili wakakaa kilio, macho kwenye ule mmea, na kichochoro kikatulia kama bado alfajiri.

"Ikala, mutoto," akasema Papa Edmond, akimwonyesha nafasi ya kuketi. "Mama yako aliitwa nani?"

Wivine aliketi katikati yao. Alipofungua kinywa kulitaja jina, ndipo alipolia.