Kumpeleka Baba kwa Daktari wa Macho Kasongo

Baba alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliishi kwangu Kabambare, nami ndiye niliyemshika mkono hadi chooni. Redio ilipotangaza kwamba daktari wa macho amekuja Kasongo kwa juma moja, siku tatu zilipita kabla hatujapata pikipiki. Mwenye pikipiki alikaa mbele, baba katikati, mimi nyuma nikimkumbatia asianguke.

Kiangazi, safari hiyo ni ya siku moja. Sisi tulisafiri wakati wa mvua. Siku ya pili tulifika kwenye daraja la miti, tukakuta kamio, lori lililobeba chumvi, limezama katikati, magurudumu ya nyuma yananing'inia juu ya maji. Mwenye pikipiki alirudi kuangalia tulikotoka, akaja amelowa mpaka kifuani.

"Kile kijito tulivuka asubuhi kimejaa. Hata nyuma hatuwezi tena."

Tulikaa hapo siku mbili, chini ya turubai la kamio, tukila muhogo wa wenye mizigo. Kila niliposimama kunyoosha miguu, baba aliuliza, "Tuko wapi?"

"Darajani, baba."

Mara ya tano nilimkaripia. Akawa anapapasa matope kwa fimbo. Niliona aibu, na hapakuwa na pa kujificha.

Asubuhi ya siku ya nne ndege ndogo ilipita juu yetu.

"Iko inatoka Kasongo?" baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Mpaka Kabambare inatumia muda gani?"

"Labda nusu saa."

Akacheka. "Basi wangetushushia kamba."

Mchana wanaume walikata miti, wakatandika magogo mawili kando ya kamio. Nilivuka kinyumenyume, nimemshika baba mikono yote miwili, nikimwambia wapi aweke mguu. Sikuthubutu kutazama maji. Mwenye pikipiki aliisukuma nyuma yetu.

Tulifika hospitali jioni. Muuguzi alitutazama matope yetu, akasema polepole, "Daktari amepanda ndege asubuhi."

"Ile ya asubuhi?" baba aliniuliza.

"Ile."

Akakaa kwenye ngazi. "Ile barabara mimi siirudii tena."

Nilimwacha kwa dada yake, nyuma ya soko, nikarudi peke yangu Kabambare kufundisha wanafunzi wangu. Daktari alirudi Kasongo baada ya miezi mitano, akampasua baba macho. Shangazi alinipigia simu akipiga vigelegele, kisha akampa baba.

"Nimeona mukono yangu," alisema. "Imezeeka sana! Sasa kuya nikuone na weye."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza tena, na wasafiri walikuwa wameniambia kwamba safari hii daraja lote limechukuliwa na maji.

"Nitakuya, baba."

"Lini?"

Nilimwambia simu inakatika.