Kobe wa Goli la Kusini

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mzee aliyekuwa akitunza uwanja wetu wa mpira hapa mjini alizika kobe hai chini ya goli la kusini, na kwamba kobe huyo alihama chini kwa chini wakati wa mapumziko, timu zinapobadilishana magoli, ili wageni wasifunge kipindi chochote. Msinicheke. Biolojia nimeisoma shule ya jioni, na umeme ulikatika kila tulipofika kwenye wanyama wenye magamba. Mzee huyo alifariki wiki iliyopita kwao Mungaa, na tumemzika kwenye ardhi ngumu iliyovunja majembe saba, la nane likakataa kazi.

Kwa wasiomfahamu, ndiye aliyechora mistari ya chokaa, akashona nyavu, akamwagilia nyasi kwa ndoo alizobeba kutoka bomba la jirani. Timu yetu ilipopanda Ligi Kuu, wakaguzi walifika na gari la kiyoyozi, wakapima nyasi kwa rula, wakapiga picha kipara cha pale anaposimama kipa, wakasema kisipoziba uwanja utafungiwa. Wakaondoka bila kuacha hata ndoo moja. "Nikikiziba nabaki kazini," mzee aliniambia. "Nisipokiziba narudi kulima alizeti, na mgongo wangu alizeti hauitaki tena." Tangu siku hiyo watu wakamwona kila alfajiri golini, na jembe na gunia. Kobe akazaliwa hapo.

Kisha ikaja ile timu kubwa. Wageni walikataa mlango, wakaruka ukuta, wakavalia jezi ndani ya basi, kwani vyumba vyetu eti vina moshi usioonekana. Mnene mmoja wa kamati yao ya ufundi, ufundi ambao hata vifaranga wa kijiji cha Mkiwa wanajua si wa mpira, akamvuta kamisaa wa mchezo hadi golini. "Shikamoo mzee," akamwambia mtunza uwanja, "umezika nini hapa?" Mzee akajibu, "Marahaba. Nimefukia..." Mnene akamkata: "Kamisaa, umesikia, amekiri." Wakachimba shimo la kutosha kuzika ng'ombe na mchungaji wake. Ulitoka udongo mweusi wenye harufu, kobe hakutoka. "Ameshahamia goli la pili," nilipaza sauti jukwaani, na watu wakanipigia makofi kama waziri.

Kamisaa alikuwa anaangalia saa yake. Ripoti yake ililitaja shimo, haikuwataja wachimbaji. Uwanja ukafungiwa kwa ubovu wa eneo la goli, timu ikaenda kuchezea mkoa mwingine, mzee akaambiwa arudishe funguo. Hiyo ndiyo ligi tunayoambiwa tujivunie. Ina kanuni ya rangi ya soksi, ya mahali pa kusimama mpiga picha, ya dakika ya kutoka vyumbani, lakini mgeni mwenye mashabiki wengi akija na sululu, kanuni zote zinaenda kunywa chai. Ratiba inapinduliwa kwa simu moja, adhabu inateremka mpaka imkute asiye na wakili, na mkubwa anaitwa mezani kwa mazungumzo. Ni ligi ya kuwaogopa wakubwa iliyovishwa jezi, na inatushinda kwa sababu sisi wenyewe tunaishangilia. Mimi niliandika habari za kobe kwenye ukurasa huuhuu, tena kwa mbwembwe, wala sikumuuliza mzee alitaka kumalizia sentensi gani.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane wake, aliyekaa kwenye mkeka na kina mama wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kobe?"

Nikakubali. Nikauliza, kwa sauti ndogo, lile gunia lilikuwa na nini.

"Samadi ya mbuzi wetu," akasema. "Alikuwa anaotesha nyasi. Mlipochimba zilikuwa zimeshaanza kutoka."