Kabati la Babu Lililokohoa

"Ametoboa kabati la baba..."

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"...milango yote miwili, kama chujio la pombe ya mbege..."

"...hata soketi ilishaanza kunuka, wifi..."

Hao ni shangazi Mektrida na mama yangu, sebuleni kwetu Kilema. Hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi Primus niko katikati, msumeno mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Ngoja niwape mkanda.

Hilo kabati Babu alilichonga mwenyewe, kwa mbao za mringaringa tupu. Alipofariki, shangazi akaligeuza altare. Vitambaa vya kufuma juu, maua ya plastiki pembeni.

Sasa Desemba ukoo mzima unapanda kutoka Dar na Arusha. Shangazi akaamuru nyaya zisionekane. Kisimbuzi, amplifaya na spika yake, vyote vikafungiwa humo kabatini. Milango ikabanwa.

Shida ni kwamba amplifaya hiyo ndiyo inayompelekea Bibi misa ya redioni. Miguu haimfikishi kanisani tena, kwa hiyo nilimvutia spika ya pili mpaka chumbani.

Kila padri akianza mahubiri, kimya. Amplifaya imechemka, imejizima.

Jumapili iliyopita Bibi alikataa hata mtori wake wa ndizi. Akageukia ukutani.

Nilisomea umeme mpaka mwaka wa tatu, kisha mimi na chuo tukaachana kwa amani. Nikamweleza shangazi: tunakata tundu chini hewa baridi iingie, tundu juu joto litoke. Basi.

Akanijibu digrii nusu, akili nusu.

Kwa kweli iliniuma. Sikutulia siku hiyo. Nazunguka migombani, narudi, nalishika lile kabati, la moto kama jiko.

Ndipo likanijia wazo la kijinga.

Nikajirekodi kwenye simu nikikohoa, kikohozi kizito cha mzee wa tumbaku. Shangazi alipoinama kufuta vumbi, nikakirusha kwa bluetooth kwenye amplifaya.

Kabati likakohoa.

Kitambaa kikamdondoka. Nikamwambia kwa upole kwamba labda Babu anakosa hewa humo.

Hakubisha. Alivaa kanga ya pili, akaenda kwa katekista kumwombea marehemu misa.

Mimi nikaichukulia hiyo kama ruhusa.

Nikakata. Kwenye matundu nikapigilia wavu wa chekeche la zamani, lile Babu alilokuwa anaanikia kahawa. Kahawa nayo hupitishiwa hewa kwa chini, sikubuni kitu. Na jamani, lilipendeza.

Shangazi akarudi. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Hukumu ikatoka hapo hapo: mimi nirudi Moshi mjini leo leo, na kabati liende kwake Himo na vyote vilivyomo.

Yaani Bibi abaki bila hata misa.

Somo nawapa sasa hivi, maana baada ya hapa sina la kuongeza. Kitu kinachochemka, ukikifungia ili wageni wasikione, hakipoi. Kinajizima tu.

Tukasikia fimbo koridoni.

Bibi alikuja akijishikilia ukutani. Akaweka kiganja kwenye wavu. Ndani kwaya ilikuwa inaimba, haijakatika tangu nilipotoboa.

"Inapumua," akasema.

Shangazi akaanza kumsimulia habari za Babu kukohoa kabatini. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kikohozi hicho nilikisikia kwenye spika yangu. Mume wangu alikohoa hivyo lini? Huyo ni Primus."

Shangazi akanigeukia taratibu. Macho yale sitaki kuyaona tena.

Bibi akainua fimbo. Nikakaza mgongo, nikijua inakuja.

Haikuja. Aliielekeza koridoni, kwenye mlango wa chumba chake, ule ambao shangazi huufunga kila wageni wakifika, eti mama apumzike.

"Primus, na ule wangu ukate. Juu na chini, kama hivi."